Mvinyo mwekundu wa miaka mingi: umeiva, bado, au umeshapita? Maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Kila nikifungua chupa ya zamani barazani kwangu hapa Kampala, maswali ni yaleyale. Nimeyaandika pamoja na majibu yake ili mtu akija, aje kuonja tu. Majibu mengine ni marefu na mengine ni ya mstari mmoja, kwa sababu maswali yenyewe hayalingani uzito. Jambo moja utalikuta likirudi kila mara: mwaka ulio kwenye lebo unakwambia mvinyo ulizaliwa lini, lakini haukwambii umelelewa wapi. Kwa nchi ya joto kama yetu, malezi yana nguvu kuliko umri.

Kwa nini mvinyo usubiriwe miaka? Tonto haisubiri hata wiki.

Ni kweli, na ndiyo maana jambo hili huwashangaza wengi. Pombe zetu za kienyeji, tonto ya ndizi na ajono ya ulezi ya kule Teso, hunywewa zikiwa bado zinachemka. Ukizichelewesha siku chache zinachacha. Mvinyo mwekundu una pombe ya asilimia 12 hadi 15 au zaidi, una uchachu wa zabibu, na una tanini. Hivyo vitatu kwa pamoja ndivyo vinavyoulinda.

Tanini hutoka kwenye maganda na kokwa za zabibu, na kiasi kwenye mapipa ya mwaloni. Ukitaka kuijua bila kutumia fedha nyingi, ngoja msimu wa jambula, zile zambarau nyeusi zinazotia ulimi rangi. Ule ukakasi unaoshika ufizi na kukausha mate ndio kazi ya tanini. Chai ya rangi iliyosahauliwa jikoni nayo hufanya hivyohivyo.

Mvinyo ukikaa kwenye chupa, tanini huungana zenyewe kwa zenyewe na pia na chembe za rangi, zinakuwa nzito, na nyingine huzama chini zikawa mashapo. Ukakasi unalainika. Wakati huohuo ile harufu ya tunda bichi inafifia, na mahali pake zinaingia harufu za tunda kavu, ngozi, tumbaku, uyoga, udongo uliolowa. Unapoteza kitu na kupata kitu. Mvinyo ulioiva ni ule ambao ukakasi wake umelainika na tunda lake bado lipo. Ukifunguliwa mapema mno utakuta ukakasi umelifunika tunda. Ukifunguliwa umechelewa utakuta tunda limeondoka, umebaki uchachu na harufu ya majani makavu.

Je, kila mvinyo mwekundu huwa bora ukikaa?

Hapana. Sehemu kubwa ya mvinyo mwekundu unaouzwa katika maduka makubwa ya Kampala umetengenezwa unywewe ndani ya miaka miwili au mitatu tangu mavuno. Ukiweka chupa ya namna hiyo kwa miaka kumi hutapata mvinyo mkongwe, utapata mvinyo mchovu. Mfano wa mbali kabisa ni Beaujolais Nouveau ya Ufaransa, ambayo hutolewa Alhamisi ya tatu ya Novemba, wiki chache tu baada ya zabibu kuvunwa. Hiyo inunue leo, uinywe leo.

Mvinyo unaostahili kusubiriwa ni ule uliozaliwa na akiba: tanini za kutosha, uchachu wa kutosha, na tunda zito la kuvibeba vyote viwili. Cabernet Sauvignon (jina la zabibu) nzuri ya Stellenbosch, Afrika Kusini, inaweza kufika miaka kumi hadi kumi na mitano bila taabu. Bordeaux ya Ufaransa, ya mzalishaji mkubwa, hufika ishirini na kupita. Barolo, inayotoka kwenye zabibu za Nebbiolo kaskazini mwa Italia, haiwezi hata kisheria kuuzwa kabla ya miezi 38 kupita, na hata ikishauzwa mara nyingi bado ni kali. Pinotage, zabibu nyingine ya Afrika Kusini, mimi binafsi siisubirishi sana. Miaka mitano hadi kumi inatosha, ingawa najua wapo watakaonibishia.

Naweza kujua hali ya mvinyo kabla sijafungua chupa?

Unaweza kukisia. Isimamishe chupa, uangalie mvinyo umefika wapi. Kwa chupa ya miaka kumi, mvinyo unatakiwa uwe bado shingoni. Ukikuta umeshuka hadi begani, maana yake kizibo kimekuwa kikipitisha hewa. Kwa chupa ya miaka thelathini au arobaini, kushuka hadi juu ya bega ni jambo la kawaida.

Kisha papasa kizibo juu ya ile karatasi ya bati. Kama kimejitokeza, au kuna utelezi wa mvinyo uliokauka, chupa hiyo ilipata joto; mvinyo ulitanuka ukakisukuma kizibo. Nyanyua chupa kwenye mwanga uone rangi kwenye shingo: ukiona kahawia tupu kwenye chupa ya miaka minane, irudishe kwenye rafu.

Baada ya hapo muulize muuzaji maswali ya safari. Ilikuja kwa ndege au kwa kontena? Chupa nyingi hutufikia kupitia Mombasa, kisha zaidi ya kilomita 1,000 za barabara. Kontena likikaa juani bandarini kwa wiki kadhaa, mvinyo ndani yake huzeeka kwa namna ambayo hakuna lebo itakayokuambia. Muuzaji anayejua kazi yake hatakasirika ukimuuliza. Anayekasirika amekujibu.

Joto la Kampala linafanya nini hasa?

Mvinyo hupenda kukaa kwenye nyuzi 12 hadi 14 za Selsiasi, gizani, mahali pasipotikisika. Kampala mchana hufika nyuzi 27 au 28, usiku hushuka hadi 17 au 18. Kuna kanuni ya makadirio ya kemia kwamba joto likipanda nyuzi 10, kasi ya mabadiliko huweza kuongezeka maradufu hivi. Kwa hiyo mwaka mmoja juu ya kabati lako unaweza kuwa sawa na miaka miwili, pengine zaidi, katika ghala la Ulaya lenye baridi.

Lakini si suala la kasi pekee. Kama ingekuwa hivyo, tungefurahi kwamba kwetu mvinyo unaiva upesi na kodi ya ghala hatulipi! Joto huuivisha vibaya. Ni kama nyama: iliyochemshwa taratibu saa nne na iliyochomwa kwa moto mkali dakika kumi zote zimeiva, lakini hazifanani. Matunda hugeuka jamu iliyoungua, harufu nzuri hutoweka kabla ukakasi haujalainika.

Hili nililijifunza kwa hasara. Nilipewa Cabernet ya Stellenbosch ya 2009, zawadi ya rafiki. Nilikuwa nimepanga nyumba Bukoto yenye mabati yasiyo na dari. Nikaiweka juu ya friji, mahali pa heshima, kila mgeni aione. Ilikaa pale miaka saba. Friji hutoa joto nyuma na juu, tena hutetemeka usiku kucha, na mimi nilidhani ninaitunza. Siku ya kuifungua nilialika watu sita. Kizibo kilitoka kwa kidole. Ndani kulikuwa na kitu chenye harufu ya zabibu kavu zilizoungulia sufuriani na mchuzi wa soya. Mzee mmoja, kwa adabu zake, alimaliza glasi yote. Bado namwonea aibu.

Basi niweke wapi?

Kama uwezo unaruhusu, friji ndogo ya mvinyo, na umeme wa akiba wa kuisaidia. Kama hauruhusu, tafuta chumba kisicho na ukuta unaopigwa na jua la mchana, chini kabisa, sakafuni, ndani ya boksi, mbali na jiko. Chini ya ngazi panafaa. Laza chupa za kizibo cha gome ili kizibo kisikauke. Zenye kifuniko cha kusokota zilaze au zisimamishe, ni shauri lako.

Friji ya kawaida ya chakula ni baridi mno na kavu mno kwa miaka, lakini kwa miezi michache ni afadhali kuliko kabati la moto. Na kama una ndugu Kabale, mpelekee. Sisemi kwa mzaha. Kule juu, karibu mita 2,000 kutoka usawa wa bahari, chumba cha nyuma cha nyumba ya matofali hukaa na ubaridi ambao sisi wa Kampala tunaununua. Hakikisha tu ni ndugu asiyekunywa.

Siku ya kuonja nijiandaeje?

Isimamishe chupa siku nzima kabla, au mbili, mashapo yatue chini. Kama imeletwa na boda, ipe wiki. Mashapo yaliyovurugwa na mashimo ya barabarani hayatulii kwa saa mbili.

Saa ya kunywa, mvinyo uwe kwenye nyuzi 16 hadi 18. Wanaposema mvinyo mwekundu unywewe kwa joto la chumba, hawakumaanisha chumba cha Kampala mwezi wa pili. Dakika 20 hadi 30 kwenye friji zinatosha. Mvinyo wa moto hunuka pombe tupu, na mtu anaweza kuuhukumu umekufa kumbe una joto tu.

Vizibo vya zamani huvunjika. Kizibuo cha kawaida cha kusokota hukitoboa kizibo laini kikabomoka. Kile cha miguu miwili bapa, kinachopenyezwa pembeni, ni salama zaidi. Kikivunjika usihuzunike, sukuma vipande ndani umimine mvinyo kupitia kichujio safi cha chai.

Kisha mimina taratibu kwenye jagi safi la kioo, mkono usitetemeke, ukiwa na mwanga nyuma ya shingo ya chupa. Ukiona mstari mweusi wa mashapo unakaribia shingoni, simama. Watu hutumia mshumaa kwa kazi hii, na kwa sisi ambao umeme hukatika saa moja jioni mshumaa upo tayari mezani. Mvinyo mkongwe sana mimina ukiwa tayari kunywa, maana harufu yake huweza kuondoka ndani ya nusu saa. Mvinyo wa miaka sita au saba wenye ukakasi, mpe jagi saa moja au mbili apumue.

Rangi inaniambia nini?

Inakuambia kiasi, na wakati mwingine inadanganya. Inamisha glasi juu ya karatasi nyeupe, mchana au kwenye taa nyeupe, usitazame katikati bali ukingoni. Mvinyo mchanga una ukingo wa zambarau. Baadaye huwa mwekundu wa rubi, halafu rangi ya tofali, halafu kahawia kama chai. Ukingo mpana wa tofali, na katikati bado kuna wekundu, ni dalili ya mvinyo ulio katika wakati wake.

Uongo unakuja kwenye zabibu. Nebbiolo hupauka na kuwa na ukingo wa chungwa mapema, huku mdomoni bado inauma. Pinot Noir ni nyepesi tangu utotoni. Cabernet na Syrah hubaki nyeusi muda mrefu. Mtu anayehukumu Barolo kwa rangi ataifungua mapema miaka mitano.

Na harufu?

Weka kidogo, robo ya glasi, si zaidi. Nusa kwanza bila kuzungusha. Kisha zungusha, unuse tena. Tofauti ya kunusa mara ya kwanza na ya pili ni habari tosha.

Vitabu vya Ulaya vitakuambia utafute harufu za matunda ambayo hatujawahi kuyaona yakiwa mtini. Achana nayo. Tumia pua uliyokulia nayo. Mvinyo mchanga hunusa jambula, matunda damu, fuu za porini; kama umelala kwenye pipa jipya, utakuta vanila, na sisi watu wa nchi inayolima vanila hatuna kisingizio cha kutoijua. Mvinyo unaoanza kuiva: tende, zabibu kavu, karafuu, kahawa iliyokaangwa nyumba ya pili. Ulioiva vizuri: tumbaku kavu ya wazee, mkoba wa ngozi, uyoga mbichi uliotoka kuchumwa, udongo baada ya mvua ya kwanza. Nikiikuta hiyo ya mwisho pamoja na tunda lililo hai, huwa sisemi chochote kwa dakika moja.

Tunda lililo hai ndilo la kulitafuta. Uyoga peke yake, bila tunda nyuma yake, ni dalili kwamba karamu imeisha.

Mdomoni nitafute nini? Hapa ndipo ninapopotea.

Hapa ndipo kazi ilipo, kwa hiyo twende polepole.

Chukua funda la wastani, lizungushe mdomoni hadi kwenye ufizi, vuta hewa kidogo kupitia midomo hata kama kuna sauti. Sahau utamu na uzuri kwa sasa. Jiulize kwanza: ukakasi uko wapi, na ni wa namna gani? Ukiwa umeshika ufizi wa mbele na ulimi unakwaruza kama umetafuna ganda la ndizi mbichi, tanini bado ni changa. Ukiwa umeenea mdomo mzima kwa ulaini, kama kitambaa cha mahameli kilichovaliwa sana, zimeiva. Kama hakuna ukakasi wowote na mvinyo unapita kama maji ya rangi, ama haukuzaliwa nao ama umemalizika.

Halafu sikiliza mate. Uchachu hutoa mate pembeni ya ulimi. Uchachu, tofauti na ukakasi, haulainiki sana na miaka. Hilo watu wengi hawalijui, na ndilo kosa kubwa la wanaosubiri. Mvinyo uliokuwa mchachu kupita kiasi ulipokuwa mchanga utakuwa mchachu ukizeeka, tena utaonekana mchachu zaidi kwa sababu tunda lililokuwa likiuficha limepungua. Kwa hiyo ukionja mvinyo mchanga ukakuta ukakasi mwingi na tunda jingi, unaweza kuusubiri. Ukikuta ukakasi mwingi na tunda dogo, usijidanganye. Ukakasi utakapolainika hakutakuwa na kitu chini yake.

Tatu, meza au tema, kisha hesabu. Ladha inabaki sekunde ngapi? Na ni ladha ipi inayobaki ya mwisho? Mvinyo ulioiva huacha tunda na viungo kwa muda mrefu, kisha ukakasi unakuja nyuma kwa upole. Ule usioiva huacha ukakasi peke yake, tunda limeshazimika. Uliopita huacha uchachu mkavu, na ulimi unabaki kama umelamba sarafu.

Mwisho, ngoja. Usihukumu kwa funda la kwanza. Rudi baada ya dakika kumi, baada ya thelathini, baada ya saa. Ukizidi kufunguka, una miaka mbele. Ukianza vizuri halafu ukaporomoka ndani ya dakika ishirini, chupa zilizobaki zisifike Krismasi.

Kuna jaribio rahisi kwa asiyeamini ulimi wake?

Lipo. Acha kikombe kimoja ndani ya chupa, ziba, weka kwenye friji, onja kesho jioni baada ya kuuacha upungue ubaridi. Ukiwa mtamu kuliko jana, bado ni mchanga. Ukiwa vilevile, uko katikati. Ukiwa umekufa, ulipaswa kunywewa jana, na shukuru Mungu uliunywa.

Nimefungua Bordeaux ya miaka sita, haina harufu kabisa. Imeharibika?

Si lazima. Mivinyo mingi yenye nguvu hupita kipindi cha kujifungia: tunda la utoto limeondoka, harufu za utu uzima hazijafika. Ni kama kijana wa kidato cha tatu, humpati kwa neno wala kwa chakula. Kama hakuna harufu mbaya, na mdomoni kuna uzito hata kama hausemi, chupa zako nyingine za mvinyo huo ziache miaka mitatu au minne.

Nitajuaje umeharibika, si kwamba umezeeka tu?

Harufu ya boksi lililolowa, au nguo zilizokaa kwenye sanduku lenye ukungu, ni kizibo kibovu. Kemikali inayoleta harufu hiyo huitwa TCA, haidhuru mwili, lakini hupoteza tunda lote, na kupumua kwenye jagi hakusaidii. Mara nyingi huzidi. Chupa hiyo rudisha ulikoinunua.

Harufu ya siki au ya rangi ya kucha ni uchachu wa bakteria. Ikiwa kwa mbali, mivinyo mingine mikongwe huibeba vizuri. Ikikutangulia puani, basi. Harufu ya tufaha lililopondeka na njugu zilizooza ni hewa iliyoingia. Jamu iliyoungua ni joto, habari yake nimeshaisimulia. Harufu ya zizi la farasi ni chachu iitwayo Brettanomyces, na hapa watu hugombana: kidogo wengine huiita ladha ya asili, mimi huiita zizi.

Mvinyo uliozeeka kihalali hauna mojawapo ya hizi. Una unyamavu tu.

Mashapo yana sumu?

Hayana. Ni machungu na yanakwaruza, basi.

Ni lazima niteme?

Ukionja chupa mbili na wenzako watano, hapana. Ukionja kumi, ndiyo. Baada ya ya nne ulimi wako si shahidi tena. Na aliyemeza asishike usukani.

Ni kweli mvinyo wa Ulaya pekee ndio huzeeka vizuri?

Mwaka 1976 Mwingereza Steven Spurrier aliandaa uonjaji Paris, waonjaji Wafaransa, chupa zimefichwa lebo. Katika mivinyo myekundu, Stag's Leap ya 1973 kutoka California ilizipita Bordeaux maarufu. Watetezi wa Bordeaux wakajibu: ngojeni, za Marekani hazitazeeka. Mwaka 2006, miaka 30 baadaye, mivinyo myekundu ileile ikaonjwa tena. Iliyoongoza safari hii ilikuwa Ridge Monte Bello ya 1971, ya California vilevile.

Kwa hiyo usidharau Stellenbosch. Ipo karibu na sisi, na ya 2015 ni mwaka uliosifiwa sana na bado unapatikana ukitafuta. Kumbuka pia kwamba kusini mwa dunia huvuna Februari hadi Aprili, kwa hiyo chupa ya 2015 ya huko ina umri wa nusu mwaka zaidi ya ya Ulaya ya mwaka huohuo. Ipo pia Château Musar ya Lebanoni, ambayo wenyewe huishikilia karibu miaka saba kabla ya kuiuza. Dodoma ya jirani zetu ninaipenda na nyama ya mbuzi, lakini nainywa changa.

Lebo imeandikwa Reserva. Si inamaanisha imeshaiva?

Inategemea imetoka wapi. Rioja ya Hispania ina masharti: Reserva ya mvinyo mwekundu hukaa miaka mitatu, angalau mmoja kwenye pipa, Gran Reserva mitano, angalau miwili kwenye pipa. Ndiyo maana Gran Reserva ni mlango mzuri kwa anayetaka kuonja ukongwe bila kusubiri mwenyewe, na ndiyo chupa ninayowafungulia wageni wa mara ya kwanza. Nchi nyingine nyingi huandika neno hilo bila masharti kama hayo. Usililipie peke yake.

Nile nini nao?

Chakula kisichopiga kelele. Mvinyo mchanga wenye ukakasi unapatana na muchomo (nyama choma) wa mbuzi wenye mafuta, kwa sababu mafuta na protini huulainisha. Mvinyo mkongwe ni dhaifu zaidi: luwombo ya kuku na uyoga iliyopikwa ndani ya jani la mgomba, matoke pembeni, chumvi ya kiasi. Pilipili kali iache jikoni. Mchuzi wa karanga nimejaribu mara mbili, na mara zote mbili karanga zimeshinda.

Mwanangu alizaliwa 2016. Ninunue nini atakachofungua akifika miaka 18?

Una bahati, maana 2016 ulikuwa mwaka mzuri sana Bordeaux na vilevile Barolo. Chagua mojawapo, kutoka kwa mzalishaji mwenye jina, na kama mfuko unaruhusu ununue chupa kubwa ya lita moja na nusu. Mvinyo mwingi dhidi ya hewa ileile ndogo huzeeka taratibu zaidi. Usinunue moja. Nunua tatu. Moja fungua mtoto akiwa na miaka 12, uonje kwa ule utaratibu wa hapo juu, uandike ulichokikuta kwenye karatasi uifunge kwenye shingo ya chupa ya pili. Kama ukakasi bado unauma na tunda ni zito, zilizobaki zirudi Kabale. Kama umeshalainika, usingoje 2034: inywe wewe na mama yake, na kijana mtamnunulia ng'ombe.